UZI: Makumbusho ya sanaa Rouen, Ufaransa. Nimekaa dakika 40 mbele ya mchoro mmoja, kisha nikaenda kuona kilichochorwa

MwalimuMkwakwani (#1)

Wakuu, salamu kwenu.

Niko Rouen tangu Septemba, mji wa Normandie ulio kandokando ya mto Seine. Nimekuja kwa masomo ya ufundishaji wa Kifaransa, na nikimaliza narudi Tanga darasani kwangu. Humu jukwaani nimesoma nyuzi nyingi za waliopita Ufaransa, na karibu zote zinaishia Louvre, yale makumbusho makubwa ya Paris: foleni, msongamano, simu zimeinuliwa mbele ya Mona Lisa, basi. Sizibezi. Ila nina neno kwa mtu mwenye siku moja tu ya kuona sanaa nchi hii: panda treni uje mikoani.

Nianze na kosa langu lisije likampata mwingine. Mara ya kwanza nilifika Jumanne, nikakuta mlango umefungwa. Makumbusho ya sanaa ya Rouen hufungwa kila Jumanne. Nikarudi Jumatano saa nne asubuhi, wakati wanafungua.

Kiingilio ni bure. Tangu 2016 makumbusho ya mji huu hayatozi pesa kwa mikusanyo yake ya kudumu, wanatoza maonyesho maalumu tu. Jambo hilo lilibadilisha namna nilivyotembea mle ndani. Ukilipa unajiona una deni la kumaliza vyumba vyote. Mimi nilikuwa na uhuru wa kukaa chumba kimoja, kutoka nje, kurudi, kutoka tena.

Jengo la sasa ni la miaka ya 1880. Ukipanda ngazi kubwa unakutana na mchoro wa ukutani wa Puvis de Chavannes aliouchorea mahali pale pale, watu wametulia bustanini na nyuma yao bonde la Seine. Rangi zimepoa, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Nilipita haraka. Vyumba vya makabati na saa za mezani navyo nilipita haraka, mniwie radhi wapenzi wa samani.

Nilichokijia ni Monet.

Kati ya 1892 na 1893 mchoraji wa Kifaransa Claude Monet alikodi vyumba vinavyotazamana na Kanisa Kuu la Rouen, akachora uso wa kanisa hilo tena na tena, takribani michoro 30. Alikuwa na turubai kadhaa za kuchorea kwa pamoja. Mwanga ukibadilika anaweka chini hii anashika nyingine, kesho saa ile ile anairudia. Kazi ilimtesa. Alimwandikia mkewe kwamba usiku aliota kanisa likimwangukia, na lilikuwa la buluu, au la waridi, au la njano. Akaenda kuzimalizia nyumbani kwake Giverny, na mwaka 1895 zikaonyeshwa 20 kwa pamoja Paris. Leo zimetawanyika duniani. Makumbusho ya Orsay, Paris, wanazo tano. Mji uliochorwa unayo moja.

Hiyo moja ndiyo niliyokaa mbele yake. Inaitwa ya "hali ya hewa ya mawingu", tuseme siku ya kijivu. Si kubwa, urefu wake ni kama mita moja. Ukiwa mbali unaona mlango wa kanisa na mnara wa kushoto, mawe yamelowa ubaridi. Ukisogea, kanisa linapotea. Unabaki na rangi nzito, kavu, imerundikwa safu juu ya safu. Wakuu, mimi nimekulia nyumba ya chokaa. Nilichoona pale ni ukuta wa Pangani au wa Mji Mkongwe, ule uliopakwa chokaa miaka na miaka mpaka ukafanya ngozi yake wenyewe. Na siku hiyo ya kijivu haina kijivu! Kuna buluu, kuna urujuani, kuna njano iliyofifia kwenye kingo za matao, waridi kidogo karibu na mlango. Nilitafuta rangi ya kijivu yenyewe kwa dakika nyingi nisiipate.

Nilipokuwa pale wakaingia watoto wa shule ya msingi, kama ishirini hivi, wakakaa chini sakafuni. Mama aliyewaongoza hakuwaambia jina la mchoraji wala mwaka. Aliwauliza: "Hapa ni saa ngapi?" Watoto wakaanza kubishana. Mmoja akasema saa mbili asubuhi kwa sababu hakuna kivuli. Mwingine akasema hapana, ni alasiri na kuna mawingu. Walibishana hivyo dakika kumi nzima, macho yote kwenye mchoro. Nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kuuliza swali lililofanya kazi kubwa hivyo.

Nikatoka nikaenda kanisani kwenyewe, dakika kumi kwa miguu. Naendelea chini.

Kaka_Mbezi (#2)

Nimekaa hapa mbele, dada. Endelea. Ila kwanza msaada: kutoka Paris unafikaje, na ni kweli hulipi kitu?

MwalimuMkwakwani (#3)

Kaka, treni zinaondoka stesheni ya Saint-Lazare, safari ni kama saa moja na nusu. Unashuka Rouen-Rive-Droite, unateremka barabara ya Jeanne d'Arc, dakika kumi umefika. Makumbusho yako kushoto, mbele yake kuna uwanja wenye jina la Marcel Duchamp, ambaye kwao ni huku na amezikwa hapa hapa Rouen. Nauli hubadilika sana kutegemea siku na saa, kata tiketi mapema. Makumbusho yenyewe ni kweli, hulipi.

Sasa la kanisani. Ule uso wa kanisa unatazama magharibi. Kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma yake, na mawe ya mbele yamo kivulini, yana ubuluu. Jua likishapita utosini ndipo linaanza kuyagusa, kwanza vitu vilivyochomoza, halafu mpaka ndani ya milango. Hilo huwezi kulijua kwa kuangalia mchoro tu. Nilisimama uwanjani kuanzia saa sita na nusu. Mawingu yalikuwa yanakimbia. Mara kanisa ni jivu, mara linawaka, mara limezimika. Nikaelewa kwa nini mtu angehitaji turubai kumi kwa siku moja.

Nikarudi makumbusho kuuangalia mchoro tena. Mara hii niliuona tofauti kabisa, kwa sababu sasa nilijua mawe yale yana kimo gani na yamechongwa vipi. Monet hakuchora sanamu hata moja ndani ya matao, lakini zote zipo. Ameweka kidoa cha rangi pale ambapo mwanga ungeangukia bega la mtakatifu, basi, bega linatokea.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu ambacho Paris haiwezi kukupa. Zile tano za Orsay ni nzuri mno, niliziona. Lakini huwezi kutoka mlangoni ukaenda kulishika jiwe lenyewe.

Nuru26 (#4)

Mimi swali langu ni tofauti na naomba msinielewe vibaya. Hivi vitu vyote vilifikaje huko? Kila nikisoma habari za makumbusho ya Ulaya nakumbuka mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, aliyeko Berlin. Mchoro wa Monet sawa, ni wao. Je, vingine?

MwalimuMkwakwani (#5)

Nuru, umeuliza swali la msingi, na jibu liko ukutani kwenye makumbusho hayo hayo.

Mwaka 1801 serikali ya Ufaransa, kupitia waziri Chaptal, ilitoa amri ya kuanzisha makumbusho katika miji 15 nje ya Paris. Rouen ulikuwa mmojawapo, pamoja na Lyon, Nantes, Lille, Dijon na mingine. Brussels, Geneva na Mainz nayo ilikuwamo, maana wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa. Paris kulikuwa kumefurika michoro: iliyotolewa makanisani na kwa watawa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na iliyochukuliwa na majeshi ya Ufaransa kwenye nchi walizozishinda. Ikagawiwa mikoani. Kwa hiyo makumbusho ya mkoa Ufaransa, ukichimba msingi wake, mara nyingi unakuta kanisa lililovuliwa au nchi iliyoshindwa.

Mfano ulionikaa moyoni. Kuna michoro mitatu midogo ya Mwitaliano Perugino: Mamajusi, Ubatizo wa Yesu, na Ufufuko. Ni midogo kiasi kwamba unainama kuiona. Hiyo ilikuwa sehemu ya chini ya kazi moja kubwa ya altare ya kanisa la San Pietro huko Perugia, Italia, iliyochorwa mwishoni mwa karne ya 15. Wafaransa waliichukua mwaka 1797 wakaitenganisha. Sehemu kubwa ya katikati, Kupaa kwa Bwana, iko Lyon. Manabii wawili wako Nantes. Vipande vingine viko Vatikani, na vichache vilibaki Perugia. Altare moja, miji mitano! Napoleon aliposhindwa 1815 vitu vingi vilidaiwa vikarudi Italia, lakini vilivyokuwa vimepelekwa mikoani vilikuwa vigumu kuvifuata, vingi vikabaki. Kile cha Lyon Papa mwenyewe aliuachia mji huo.

Chumba cha jirani kuna mchoro mkubwa wa Veronese, Mtakatifu Barnaba akiwaponya wagonjwa. Nao ulitoka kanisani Verona. Barnaba ameinama, ameweka kitabu kifuani pa mgonjwa, na kila aliyemzunguka ana sura ya mtu aliyekesha na mgonjwa wake. Nilisimama nikiupenda na huku nikijua ulitokaje kwao. Sikuweza kuyatenganisha hayo mawili, na sidhani inafaa kuyatenganisha.

Mtoto_wa_Kolwezi (#6)

Dada mwalimu, asante sana. Mimi ni Mkongomani, niko Lille miaka tisa sasa. Yote unayosema nayaona huku pia. Palais des Beaux-Arts ya Lille ni ndugu ya hiyo ya Rouen, imezaliwa na amri ile ile. Kuna michoro miwili ya Mhispania Goya inayopangwa pamoja: msichana anasoma barua, na wabibi wawili, mmoja amevaa kama bi harusi, wako mbele ya kioo, nyuma yao mzee wa Wakati ameshika ufagio tayari kuwafagia. Mama yangu alipokuja kunitembelea aliketi mbele ya wale wabibi, hakusema kitu mpaka tunatoka. Njiani akaniambia: "Yule wa kulia namjua."

Kuhusu kurudisha vitu. Ni hapo hapo Rouen, si makumbusho ya sanaa bali ya historia ya asili, walipokuwa na kichwa cha Mmaori kilichohifadhiwa chenye chanjo za uso. Mji ukaamua mwaka 2007 kukirudisha New Zealand. Serikali ya Paris ikazuia, ikasema ni mali ya taifa, haiwezi kutolewa. Ikabidi bunge litunge sheria 2010, na 2011 kikarudi. Na sheria ile ikafungulia vichwa vingine vyote vilivyokuwa Ufaransa. Halafu 2021 vile vitu 26 vya ufalme wa Abomey vikarudi Benin, navyo kwa sheria yake maalumu. Kwa hiyo mji wa mkoa ulianza, nchi ikafuata.

Nuru26 (#7)

Hili la kichwa cha Mmaori sikulijua kabisa. Asanteni wote wawili. Kaka wa Kolwezi, hayo maneno ya mama yako yamenigusa.

Fundi_Chuma (#8)

Mwalimu, mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, sanaa ya rangi siifahamu. Kuna kitu cha mtu kama mimi huko au ni michoro tu?

MwalimuMkwakwani (#9)

Fundi, wewe ungekaa kuliko mimi. Nyuma tu ya makumbusho ya sanaa kuna kanisa la zamani la Saint-Laurent ambalo haliswaliwi tena. Limegeuzwa makumbusho ya chuma kilichofuliwa, yanaitwa Le Secq des Tournelles. Bure pia. Unaingia kanisani, unakuta pale mabenchi yalipokuwa pamejaa makufuli, funguo, vitasa, mageti, mabango ya maduka yaliyoning'inizwa juu, mikasi, vyombo vya jikoni, vya karne na karne, vyote vimefuliwa kwa nyundo na moto. Mwenye mkusanyo huo alikuwa anaokota chuma wakati wenzake wanaokota dhahabu.

Kuna kufuli moja lililonishika, la sanduku: ukigeuza ufunguo mmoja tu, ndimi zinatoka pande zote za mfuniko kwa mara moja. Kifuniko kimefunuliwa ili uone mitambo yake. Nilimfikiria marehemu babu yangu aliyekuwa akitengeneza bawaba na komeo za milango ya Pangani. Kazi zake ziko bado kwenye milango ya watu na hakuna mahali zimeandikwa jina lake. Mle kanisani pia kazi nyingi hazina jina la fundi. Zimeandikwa tu: Ufaransa, karne ya 17.

Fundi_Chuma (#10)

Hilo la kufuli nimeelewa mara moja. Ni baa moja ya katikati inasukuma zote. Ningetaka kuliona kwa macho. Asante sana mwalimu, na Mungu amrehemu babu.

Kaka_Mbezi (#11)

Dada, mbali na Monet, ukiniambia nichague vitatu tu, niangalie vipi? Mimi nitakuwa na saa mbili, natakiwa nirudi Paris usiku.

MwalimuMkwakwani (#12)

Kaka, kwa saa mbili, hivi.

Gerard David, Bikira Maria katikati ya mabikira, wa mwaka 1509. Mchoraji aliutoa kwa watawa wa Bruges. Wanawake watakatifu wamekaa kumzunguka Maria, mtoto ameshika kichala cha zabibu, malaika wawili wanapiga ala. Hakuna anayemtazama mwenzake na bado wako pamoja. Ukiangalia pembeni kabisa nyuma, mwanamume mmoja kushoto na mwanamke mmoja kulia: ni David mwenyewe na mkewe. Amejibana mwisho kabisa wa ubao, kama mtu aliyechelewa misa akasimama mlangoni.

Wa pili, Velázquez. Mwanamume ana masharubu, amekugeukia, anacheka, kidole chake kinaonyesha tufe la dunia lililo mezani. Wanamwita Demokrito, mwanafalsafa aliyeucheka ulimwengu. Velázquez alikuwa kijana bado. Kicheko chake si cha kudhihaki, ni cha mtu aliyeelewa jambo na anakungoja uelewe.

Wa tatu, Caravaggio, Yesu akipigwa mijeledi. Mwili wote uko kwenye mwanga, wanaompiga nusu wako gizani. Makumbusho yaliununua 1955 ukidhaniwa ni wa mchoraji mwingine, baadaye wataalamu wakatambua mkono wa Caravaggio. Mimi sikuweza kukaa nao muda mrefu. Ni mzito.

Na Sisley ukipita muone: mafuriko ya Port-Marly, 1876. Maji yamefika mlangoni kwa muuza divai, mbingu imetulia juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu wa Jangwani, pale Dar, ataujua mchoro huo bila maelezo.

Kaka_Mbezi (#13)

Nimeandika yote. Nimewahi kuhamishwa Jangwani, kwa hiyo Sisley simwachi.

Nuru26 (#14)

Na mtu mweusi yupo popote humo ukutani? Nauliza kwa dhati.

MwalimuMkwakwani (#15)

Nuru, nilijiuliza hivyo hivyo nikiwa chumba cha Géricault. Théodore Géricault alizaliwa Rouen 1791, akafa na miaka 32. Wana kazi zake nyingi hapa, farasi hasa. Kuna mmoja, vijana wanahangaika kumzuia farasi asikimbie, na jina lake linawaita watumwa, ila ni watumwa wa kufikirika wa kale, miili ya sanamu za Kirumi. Watumwa wa kweli wa siku zake hawapo katika mchoro huo.

Lakini Géricault huyo huyo ndiye aliyechora kile Chelezo cha Medusa kilichoko Louvre. Medusa ni meli ya Kifaransa iliyokuwa ikienda Senegal 1816 ikakwama, watu wakaachwa kwenye chelezo. Juu kabisa ya lile kundi la wanaokufa, anayepunga kitambaa kuita msaada, kilele cha mchoro mzima, ni mtu mweusi. Aliyekuwa akikaa achorwe kwa ajili ya kazi ile ni Joseph, mtu wa Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo. Jina lake la pili halijulikani. Ukiwaona wale farasi wa Rouen kwanza, misuli ile, pumzi ile, kisha ukaenda Louvre ukamwona Joseph mgongo umekaza, unajua mkono ni mmoja.

Na Rouen yenyewe ilikula kwenye biashara hiyo. Ulikuwa mji wa pamba na vitambaa vya maua, na vitambaa hivyo vilikuwa bidhaa ya kubadilishana na watu kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Sisi wa pwani tunajua kitambaa kinavyoweza kuwa pesa, neno merikani liko vinywani mwetu mpaka leo.

Mzee_wa_Pangani (#16)

Mwanangu mwalimu, nimekusoma tangu juu. Mimi ni mzee wa miaka 71, sijatoka nje ya nchi ila Mombasa. Nataka kuuliza: huyo mchoraji aliyakusanya vipi mapesa ya kukodi vyumba miezi yote hiyo kuangalia ukuta? Na nani alinunua picha za ukuta?

MwalimuMkwakwani (#17)

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi kukuona humu.

Wakati ule Monet alikuwa ameshavuka umaskini, picha zake zilikuwa zinauzwa. Aliyenunua hii ya Rouen ni mtu wa Rouen mwenyewe, François Depeaux, mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyekuwa akiyaleta kutoka Wales kwa meli. Alikuwa anakusanya kazi za kina Monet, Sisley na wenzao wakati watu wengi wa mji wake hawakuziona kuwa na maana. Akataka kuzitoa kwa mji. Katikati akapata mtihani wa ndoa kuvunjika, mkusanyo ukauzwa mnadani 1906. Akanunua upya baadhi ya zile alizopoteza, na 1909 akaupa mji kazi 53. Kanisa la Monet limo humo. Ndiyo maana mimi, mtoto wa Tanga, nimelitazama bila kutoa senti.

Mzee_wa_Pangani (#18)

Marahaba. Huyo Depeaux alikuwa mtu. Kununua mara mbili kitu ili ukigawe si jambo dogo.

Nami nimekumbuka lile swali la watoto, ni saa ngapi. Mbele ya baraza yangu kuna nyumba ya zamani ya ghorofa, chokaa imeanza kubanduka, hakuna anayeishi. Naitazama kila siku. Kesho nitamweka mjukuu wangu anisaidie kuandika.

Kaka_Mbezi (#19)

Wakuu, nimerudi Paris sasa hivi. Nilienda leo Ijumaa. Mwalimu, umesema kweli tupu. Chumba cha Monet nilikuwa na mama mmoja mzee na mlinzi tu. Nilikaa kwenye benchi. Mwanzoni sikuona chochote, niliona ukuta mchafu. Baada ya muda nikaona ile njano uliyoisema, halafu sikuweza kuacha kuiona. Kanisani nilikuta mnara mkubwa wa chuma umezungushiwa jukwaa la mafundi, nikaambiwa ulishika moto Julai 2024 wakati wa matengenezo. Ni mrefu ajabu, mita 151. Ule mnara mwingine wa kulia wanauita Mnara wa Siagi, eti watu walilipa ili waruhusiwe kula siagi wakati wa Kwaresima na pesa ikajenga mnara.

Nimekosa muda wa Perugino. Sisley nimemwona. Nimekaa naye sana.

Mzee_wa_Pangani (#20)

Mjukuu ana miaka tisa, ameandika yeye, mimi nimempa simu tu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukuta ni buluu kama moshi. Saa mbili rangi ya maziwa. Saa nne mweupe unaumiza macho. Saa sita na nusu hauna rangi, babu anasema una rangi ila jua limeifunika. Saa kumi njano. Saa kumi na moja na nusu rangi ya embe dodo, halafu pale chokaa ilipobanduka panakuwa pekundu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, zambarau. Baada ya hapo adhana ikaadhiniwa, tukaenda msikitini.

MwalimuMkwakwani (#21)

Mzee wangu, naomba ruhusa yako na ya mjukuu. Nataka kuinakili orodha hii kwa Kifaransa na kumpelekea yule mama anayeongoza watoto. Huwa anakuja na darasa Jumatano asubuhi. Kesho kutwa nitakuwa mlangoni saa nne.

Mzee_wa_Pangani (#22)

Ruhusa umepewa. Mjukuu anasema umwambie pale kwenye saa sita na nusu aandike jina la babu, kwa sababu ile si yake.